Kuni zinalia, zinatoa povu, moshi umejaa ndani: jua shida iko wapi kabla baridi ya Juni haijakukuta

Huku kwetu Njombe, Makete, Mufindi, ikishafika Juni hakuna mjadala, jioni kila mtu yuko karibu na moto, na asubuhi zingine kule Makete unakuta sakitu nyeupe imelala kwenye majani. Na kila Juni hiyohiyo maswali ninayoulizwa ni yaleyale: mbona kuni zangu zinalia, mbona nimeziweka mwaka mzima na bado mbichi, mbona banda limeingia mchwa, mbona kuni ni kavu kabisa lakini moshi unarudi ndani. Nimeyapanga hapa kwa dalili, we tafuta ile inayofanana na ya kwako, halafu anza na sababu ya kwanza maana ndiyo inayotokea mara nyingi na kuikagua hakuna gharama, ukishuka chini ndo mambo yanakuwa mazito.

Ila kuna jambo moja linabeba karibu nusu ya matatizo yote haya, nalo ni kalenda. Watu wengi wanatafuta kuni za Juni mwezi Mei. Mvua zetu zinaanza Novemba zinaenda mpaka Aprili, miaka mingine zinagusa katikati ya Mei, sasa mti uliokatwa Mei utakauka saa ngapi? Kuni za Juni ijayo zinatakiwa zikatwe na kupasuliwa Julai au Agosti mwaka huu, zipigwe na jua na upepo wa Septemba na Oktoba, ziingie chini ya bati kabla ya mvua ya Novemba, zikae humo mpaka baridi. Ukilishika hilo, nusu ya yanayofuata hayatakuhusu.

DALILI: UKUNI UNALIA SHIII, UNATOA POVU MWISHONI, MOSHI MZITO UNAOCHOMA MACHO

Sababu ya kwanza, na mara nyingi huhitaji kutafuta nyingine, ukuni ni mbichi. Mti ukikatwa leo karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji matupu, na moto wako kabla haujakupa joto inabidi uyachemshe kwanza hayo maji. Ndo ile unaona ukuni umeshika moto katikati halafu kule mwishoni panatoka povu jeupe linachemka na kudondoka kwenye majivu. Kilo moja ya kuni zenye nusu maji inakupa karibu nusu tu ya joto la kilo moja ya kuni kavu, kwa hiyo unalipia, unabeba, unapasua, halafu unapashia maji.

Namna ya kukagua. Chukua kuni mbili zigonganishe, kavu zinatoa sauti kali ko ko, mbichi zinatoa mlio mzito uliokufa. Zipime kwa mkono, ukuni mkavu unashangaza kwa wepesi ukilinganisha na mbichi wa ukubwa uleule. Angalia mwisho wa ukuni kama una nyufa zinazotoka katikati kwenda nje, hiyo ni dalili nzuri lakini usiiamini peke yake, kwa sababu mwisho unakauka wa kwanza wakati tumboni bado maji. Kipimo ninachokiamini zaidi kisicho na gharama ni hiki: pasua ukuni mmoja mnene katikati, ule upande mpya uliofunguka bandika shavuni. Ukihisi ubaridi wa unyevu, bado. Ukihisi kawaida tu kama ubao wa mezani, uko tayari.

Anayetaka uhakika zaidi atumie mzani ule wa ndoano wa kupimia viazi. Chagua kuni tatu nne za unene tofauti, ziandike namba kwa mkaa au rangi, zipime siku unazipanga, andika, zirudishe kwenye rundo, kila baada ya wiki mbili zipime tena. Utaona mwanzoni zinashuka haraka, kisha taratibu, halafu uzito unagoma kushuka. Ukigoma mara mbili mfululizo na jua linawaka, basi zimefika mwisho wa kukauka kwa hewa ya hapo ulipo. Kuna vile vifaa vya kupima unyevu vyenye sindano mbili, vizuri, ila watu wanachoma sindano kwenye ganda la nje lililokauka wanafurahi bure, lazima upasue kwanza uchome upande wa ndani. Namba unayoitafuta ni chini ya asilimia 20. Hata England tangu Mei 2021 muuzaji wa kuni za mizigo midogo haruhusiwi kuziuza kama unyevu umezidi asilimia 20, kwa hiyo hiyo namba si ya kubuni.

Sababu ya pili, kuni zilikauka ila zimenyeshewa juzi. Hii ni nafuu. Unaijua kwa sababu zinalia kidogo mwanzoni halafu zinanyamaza na kuwaka vizuri, na ukipasua ndani pakavu. Ziingize sehemu yenye hewa siku mbili tatu yameisha. Kule Mufindi kwenye chai, manyunyu na ukungu vinaweza kukaa hata Juni na Julai, kwa hiyo hili litakusumbua kuliko mtu wa Njombe mjini, wewe weka kuni za siku chache zijazo ndani kabisa, usitegemee za nje.

Sababu ya tatu ni hewa. Jiko limejaa majivu, tundu la chini limeziba, au umeshindilia kuni mpaka moto haupumui. Kuni kavu kabisa nazo zitatoa moshi hapo. Toa majivu, punguza kuni, ziache zipishane. Kama mafiga matatu yanawaka vizuri nje na kuni zilezile ndani ya jiko zinafuka, basi shida ni jiko na siyo kuni.

Simama hapa: usiokoe kuni mbichi kwa petroli, na usimimine mafuta ya taa kwenye makaa ya moto eti yashike. Mvuke unashika kabla ya kuni na unaurudia mkono wako na uso. Hospitali za huku zinajua vizuri hizo ajali. Moto uliogoma unawashwa kwa vijiti vyembamba vikavu na maganda ya mahindi, basi.

DALILI: ZIMEKAA TANGU MWAKA JANA, MBONA BADO MBICHI?

Hii ndiyo inayowaumiza watu roho, maana mtu amejipanga, amekata mapema, halafu Juni anakuta maji. Kukaa siyo kukauka. Gogo linaweza kukaa miaka miwili linaoza kabla halijakauka.

Kwanza angalia kama ulipasua. Maji kwenye mti yanapita kwa urefu, yaani yanatokea huku mwisho ulikokatwa, ubavuni yanapita kwa shida, na gome limewekwa na Mungu kuzuia maji yasitoke, sasa gogo la mita 2 lenye gome lake lote litakauka vipi. Kata vipande vifupi, sentimita 30 mpaka 40 kulingana na jiko lako, pasua kila kinachozidi unene wa mkono wa mtu mzima, yaani visizidi sentimita 10 hivi. Hata kijiti chembamba ambacho hakihitaji kupasuliwa kipige shoka moja kufungua gome upande mmoja. Wenye miwati mna bahati, ule mti uliletwa kwa ajili ya magome yake yenye tanini ya kutengenezea ngozi, TANWAT, ile kampuni ya miwati pale Njombe, ilianza 1949 kwa biashara hiyohiyo, na gome lake likiwa bichi linachunika vizuri, kwa hiyo uchune siku unayokata. Kuni za miwati zilizochunwa na kupasuliwa zinakauka mbele ya zile zenye gome bila hata kubishana.

Pili, angalia zimelala wapi. Zikigusa ardhi, safu ya chini inanyonya unyevu na kuupandisha juu. Lazima kichanja. Huhitaji fundi: tofali za kuchoma au mawe, juu yake fito mbili ndefu, kuni zikae sentimita 15 mpaka 20 kutoka chini, hewa ipite na paka apite.

Tatu, zimebanana. Mtu anapanga kuni safu nne zimegandamana na ukuta wa nyumba, nzuri ukiangalia, katikati hamna upepo hata kidogo. Wakati wa kukausha panga safu moja, ikizidi mbili zenye nafasi kati yao, zitazame upande upepo unakotokea, siyo ziwe sambamba nao, na ukiwa na ukuta nyuma acha nafasi ya mkono mzima. Zikishakauka ndo unaweza kuzibananisha upendavyo bandani.

Nne, turubai. Hili nalisema kila mwaka na kila mwaka naliona, rundo limefunikwa turubai au nailoni kuanzia juu mpaka chini na mawe pembeni, vizuri kabisa, mvua haiingii. Na mvuke hautoki. Mchana jua linapasha, maji yanatoka kwenye kuni, yanagonga nailoni, usiku baridi yanageuka matone yanarudi palepale. Funika juu tu, kama kofia, pembeni pote acha wazi. Bati chakavu mbili zilizoinamishwa zikitokeza mbele na nyuma ni bora kuliko turubai jipya.

Tano, kivuli. Nyuma ya nyumba chini ya mwembe au ya mlingoti, yaani mkaratusi, hapakauki kitu. Jua linasaidia, ila ukilazimika kuchagua kati ya jua bila upepo na upepo bila jua, chukua upepo.

Na ya mwisho ambayo watu hawaihesabu: ulichanganya. Kuni za mwaka jana zilikuwa safi, ukaongeza za juzi juu yake, sasa kila ukichomoa hujui umechomoa ipi. Tenganisha marundo, weka alama ya mwezi kwenye ubao au ukutani kwa chaki.

Muda wenyewe unategemea mti. Kwa makadirio, zikishapasuliwa na kupangwa vizuri kiangazi, paini miezi miwili mitatu, miwati minne mpaka sita, milingoti minene sita mpaka mwaka. Ndo maana nasisitiza Julai na Agosti. Mparachichi, kwa sababu sasa hivi kila mtu analima parachichi na matawi ya kupogoa ni mengi, unakauka fasta lakini unaoza fasta pia ukikaa chini, na ni mwepesi, uwe wa kuwashia tu.

DALILI: UKUNGU, VIUYOGA, HARUFU YA CHUMBA KILICHOFUNGWA

Ukungu mweupe au wa kijani juujuu maana yake hewa haitembei. Fungua pembeni, toa turubai, zigeuze, zianike siku kadhaa, piga brashi kavu nje ya nyumba ukiwa umefunga kitambaa puani. Zikikauka zinawaka kawaida tu.

Viuyoga vimeota na ukuni ukiubonyeza kwa kidole gumba unaingia, au ni mwepesi mno unavunjika kwa mkono, huo umeoza. Joto lake limeshaliwa. Usiuingize bandani na wenzake, upeleke shambani ukawe mbolea.

Mwenye pumu au mtoto mchanga ndani, kuni za ukungu zisilale chumba kimoja nao hata usiku mmoja.

DALILI: MCHWA, UNGA MWEUPE UNADONDOKA, VITUNDU

Ukiona vichuguu vyembamba vya udongo vinapanda kwenye mguu wa kichanja, ni mchwa, na asilimia kubwa ni kwa sababu kuni ziligusa ardhi au miguu ni ya mti. Vunja vichuguu, inua kuni, miguu iwe ya tofali au jiwe, kusanya maganda na takataka zote chini maana ndo chakula chao, mwaga majivu kuzunguka. Majivu yanasaidia yakiwa makavu, yakinyeshewa unarudia. Banda likiwa limegusana na ukuta wa nyumba, sogeza, kwa sababu mchwa wakimaliza kuni watauliza kenchi, yaani mbao za paa la nyumba yako. Ukikuta wameshapanda ukutani au kwenye fremu za milango hapo siyo kazi ya majivu tena, ita mtu wa dawa anayeifahamu, usinyunyizie sumu za shambani juu ya kuni utakazopikia, ule moshi utauvuta wewe.

Unga laini unaodondoka na vitundu vidogo ni bungua, wanapenda kuni zilizobaki na gome. Chuna gome, anika juani, tumia hizo kwanza. Sasa angalizo kwa wakulima wa mahindi: dumuzi, yule aliyejulikana nchini kwa mara ya kwanza kule Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, siyo wa mahindi peke yake, asili yake anatoboa miti pia na anaweza kujificha kwenye mbao na kuni kavu. Kwa hiyo kuni zisipangwe ghala moja na magunia. Najua banda ni moja na nafasi hamna, ila mahindi ni hela.

Nyoka na nge wanapenda rundo la kuni kuliko sisi. Kabla ya kuchomoa gonga kwa fimbo, tumia tochi alfajiri, watoto wasitumwe kuni usiku peku. Aking'atwa mtu usikate kidonda wala kufyonza, atulie asitembeetembee, hospitali moja kwa moja.

DALILI: GOGO HALIPASUKI, SHOKA LINARUDI AU LINAKWAMA

Mlingoti ndo mkaidi namba moja. Nyuzi zake zimejisokota, na ukishakauka unakuwa chuma. Upasue mbichi, wiki ileile uliyokata. Hapo ndo watu wanapokosea, wanauacha ukauke kwanza eti utakuwa rahisi. Paini ni kinyume kidogo, hata mkavu unakubali.

Ukikwama: soma mwisho wa gogo, fuata ufa uliopo, usipige katikati, anza pembeni umenye vipande vya nje kwanza ndo ukutane na moyo. Fundo likae chini. Kama bado, kabari mbili za chuma na nyundo kubwa, ya kwanza inafungua, ya pili inaingia mbele yake na kuitoa ya kwanza. Usigonge shoka kwa shoka jingine, kipande cha chuma kikiruka kinaenda jichoni. Gogo lenye mafundo matatu manne mahali pamoja liache, mpe mwenye chensoo, ile misumeno ya injini, au liwe kigoda.

Na usikate mti ulioegemea mwingine, wala ulio karibu na nyaya za umeme. Ulioegemea unaua hata mafundi, ita mtu wa chensoo mwenye uzoefu. Wa nyaya ni TANESCO, hata kama ni tawi moja tu. Kibali nacho, kabla hujapakia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ulizia ofisi ya kijiji na ya misitu, kuni za shambani kwako zikiwa barabarani bila karatasi zinakuletea maneno.

DALILI: ZINAISHA HARAKA, HAZIACHI MAKAA, AU ZINARUSHA CHECHE

Hapa mara nyingi ni aina ya kuni. Mabanzi ya paini kutoka mashine za mbao kule Mafinga na Njombe ni rahisi kupata na yanashika upesi, lakini moto wake ni wa kukimbia, na utomvu wake ndio unaopasuka na kurusha cheche. Washia mabanzi, kaa na miwati au mlingoti. Kama unatumia miwati na bado inaisha haraka basi umepasua nyembamba mno au hewa ya jiko iko wazi kupita kiasi, pasua nene zaidi kwa usiku.

Cheche na mkeka, cheche na blanketi, cheche na nguo zilizoanikwa karibu na moto, mnajua inavyoisha. Mita 1 wazi kuzunguka moto.

Na ile desturi ya kukaushia kuni kwenye uchaga juu ya moto: inafanya kazi kweli, ila iwe ya kumalizia kuni zilizokaribia kukauka, uchaga uwe juu vya kutosha, na usilale umeuacha moto ukiwaka chini yake.

DALILI: KUNI KAVU KABISA, LAKINI MOSHI UNARUDI NDANI

Kwanza fungua dirisha kidogo uone. Moshi ukigeuka na kupanda, chumba kilikuwa kimefungwa mno, hewa haikuwa na pa kuingilia. Pili, dohani ni baridi asubuhi, hewa nzito imekaa humo, choma karatasi au majani makavu machache juu kabisa ya jiko, dohani ipate joto kwanza. Tatu, masizi. Mtu aliyechoma kuni mbichi msimu mzima ana lami nyeusi inayong'aa imeganda ndani ya bomba, moshi wa kuni mbichi ukikutana na bomba la baridi ndo unaganda hivyo. Gonga bomba la bati kwa fimbo likiwa limepoa, ukisikia vitu vinaporomoka ndani basi. Lisafishe likiwa baridi kabisa, kwa brashi ngumu, angalau mara moja kabla ya msimu, na uangalie kama ndege hawajajenga. Nne, bomba ni fupi, mdomo wake uko chini ya kilele cha paa, upepo ukivuka paa unausukuma moshi chini. Hapo ni kuongeza urefu, siyo kulaumu kuni.

Ile lami inashika moto. Ukisikia dohani inanguruma, bomba limekuwa jekundu au cheche zinatoka juu, toa watu nje, funga hewa ya jiko kama unaweza kufanya hivyo bila kukaribia hatari, piga 114 Zimamoto. Usimwage maji ndani ya dohani ya tofali yenye moto, inapasuka. Na baada ya hapo usiwashe tena mpaka fundi apande aikague, ufa mmoja darini unatosha kuchoma kenchi. Lami ngumu inayogoma brashi nayo ni ya fundi.

DALILI: KICHWA KINAUMA, KIZUNGUZUNGU, KICHEFUCHEFU MKIKAA NA MOTO

Hii usiitafutie sababu ukiwa umekaa ndani. Watu wawili watatu chumba kimoja vichwa vikianza kuuma kwa pamoja, ni hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi. Wote nje, sasa hivi, hata kama kuna baridi kiasi gani. Aliyelegea au anayeongea ovyo apelekwe hospitali usiku huohuo, muwaambie mlikuwa na moto ndani.

Inayoua zaidi wala si kuni, ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku likiwa jekundu bila moshi, watu wanaliona safi kwa sababu halifuki, wanafunga mlango, wanaweka na kitambaa chini ya mlango baridi isiingie. Kila msimu wa baridi watu wanakufa hivyo. Jiko la mkaa halilali na mtu. Makaa yanayokufa yaliyozikwa kwenye majivu nayo bado yanatoa hiyo hewa. Majivu yenyewe yatoe kwenye ndoo ya chuma, siyo ya plastiki, yakae nje mbali na kuni, chembe ya moto inaweza kuishi humo mpaka kesho na zaidi.

DALILI: MOSHI WENYE HARUFU YA DAWA, KUNI ZENYE RANGI YA KIJANI

Sisi tunaishi karibu na viwanda vya nguzo, vipande vya kukatia vinazagaa na vinatolewa hata bure. Nguzo za umeme na za uzio zenye ukijani zimewekewa dawa, na nyingi ya dawa hizo zina shaba, kromu na aseniki. Ukichoma, aseniki haiondoki, inabaki kwenye majivu na nyingine inapanda na moshi. Usipikie, usiotee, na majivu yake yasiende kwenye mboga wala kwa ng'ombe wanaopenda kulamba. Nguzo nyeusi za zamani vilevile. Kama umeshazitumia msimu mzima na kuna mtu ana matumbo yasiyoisha au ganzi mikononi, nenda hospitali na uwaambie ulichokuwa unachoma.

Mnyaa pia achana nao, utomvu wake unachoma macho vibaya, na moshi wake siyo wa kukaa nao jikoni.

DALILI: NI JUNI, BARIDI IMEINGIA, NA KUNI ZOTE NI MBICHI

Haya, imeshatokea. Usihangaike na rundo zima, chukua la wiki mbili tu. Lipasue jembamba, unene wa kifundo cha mkono au chini ya hapo, maana ukuni mwembamba unakauka haraka sana kuliko mnene. Panga kwa kukatisha, safu hivi safu vile, kwenye jua na upepo, usiku funika juu. Mwenye kitalu nyumba cha nyanya, lile banda la nailoni, kilichobaki kitupu baada ya kuvuna azianike humo, ila afungue pande zote mbili, kikifungwa ni turubai lilelile. Za kesho ziwekwe upande wa jiko, mita 1 kutoka motoni, zisiguse. Moto uanze na kavu, ukishakuwa na makaa ya kutosha ndo unaingiza moja ya nusu mbichi kwa wakati, usibebeshe tatu.

Ukilazimika kununua, usinunue kwa macho. Muuzaji anapanga kavu juu na pembeni, mbichi katikati. Mwombe apasue moja utakayoichagua wewe kutoka chini ya rundo, weka shavuni. Akikataa kupasua umeshapata jibu. Linganisha bei kwa ujazo ukiwa umepanga, siyo ukiwa umemwagwa, kirikuu iliyomwagiwa kuni ovyo ina nafasi nyingi za hewa na hiyo hewa umeilipia.

Na huku unaota moto, pima unatumia kiasi gani kwa wiki, urefu na kimo cha rundo lililopangwa, andika. Zidisha kwa wiki 13, Juni mpaka Agosti, ongeza kidogo kwa wageni na misiba, hapo umejua utaita chensoo kwa ajili ya mita ngapi Julai hii.